Kiboko hakikaushi godoro

Nimepokea barua ya mama mmoja ambaye ameniomba nisitaje jina lake wala mahali anakoishi. Ombi hilo nimelitii. Lakini nami nilimwomba ruhusa nilizungumzie jambo lake katika ukurasa huu, kwa sababu najua si lake peke yake. Limo katika nyumba nyingi, limefichwa nyuma ya mlango wa chumba cha watoto pamoja na shuka zilizolowa.

Mama huyu ana mvulana wa miaka 9, aliye Gredi ya 4. Tangu azaliwe hajawahi kumaliza juma zima bila kukojoa kitandani. Dadake mdogo wa miaka 4 huamka mkavu. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda shule huwa kuna kesi nyumbani: umekojoa tena? Kwa nini? Jana si uliahidi? Baba mtu alianza kwa kukemea, kisha akashika mshipi. Siku moja alimwamuru kijana ajitwike godoro kichwani na kulitoa nje, mbele ya watoto wote wa ploti. Watoto, kama tujuavyo, hawahitaji kufundishwa kumcheka kikojozi. Wakaanza kuimba.

"Tangu siku hiyo mwanangu halali," aandika mama. "Juzi niliamka saa nane usiku nikamkuta ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, anajifinya paja. Nilipomwuliza ana nini akaniambia, 'Mama, nikilala nitakojoa.' Nimechoka kufua, lakini zaidi nimechoka kumwona mtoto akiniogopa. Tafadhali niambie: mtoto huyu ni mkaidi, amerogwa, au ni mgonjwa?"

Mama, umeuliza maswali matatu na nitayajibu moja baada ya jingine.

Si ukaidi

Mtoto anayejifinya usiku ili asisinzie si mkaidi. Mkaidi ni yule anayeweza kuacha jambo lakini hataki. Huyu anataka kuacha kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani humo, ila hawezi kwa kuwa jambo lenyewe humtokea akiwa usingizini.

Hebu tuangalie mwili unavyofanya kazi. Mchana kibofu kikijaa hupeleka habari kwenye ubongo, na mtoto huenda chooni. Usiku mambo mawili hutusaidia sisi watu wazima. Kwanza, ubongo hutoa homoni inayoziamrisha figo zipunguze kutengeneza mkojo hadi asubuhi. Pili, kibofu kikijaa hata hivyo, ubongo hupokea habari na kutuamsha. Kwa baadhi ya watoto mpango huu huchelewa kukomaa, kama vile baadhi yao wanavyochelewa kuota meno au kutembea. Homoni ile huwa haitoshi, kwa hivyo figo zao huendelea kutengeneza mkojo mwingi usiku kucha. Au kibofu ni kidogo, au hujikaza kabla hakijajaa. Na juu ya yote, mtoto haamki kibofu kinapomwita.

Madaktari wana hesabu rahisi ya kukadiria kibofu cha mtoto. Chukua umri wake, ongeza 1, kisha zidisha kwa 30. Jibu ni kiasi cha mililita. Kijana wa miaka 9 basi hupata kama mililita 300, yaani chupa moja ndogo ya soda. Sasa fikiria mtoto ambaye kibofu chake hakijafikia hata kiasi hicho, kisha amekunywa vikombe viwili vya chai wakati wa chajio. Maji hayo yataenda wapi?

Kumchapa mtoto kwa sababu amekojoa usingizini ni sawa na kumchapa kwa sababu amekoroma. Kiboko hakikaushi godoro. Kinachofanya ni kumtia mtoto hofu, na mtoto mwenye hofu hujifunza kuficha shuka chini ya kitanda na kudanganya. Wengine huogopa hata kwenda kwa nyanya yao likizo ya Desemba. Tena wazazi wenzangu tukumbuke kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inamkinga kila mtoto dhidi ya dhuluma na adhabu za kinyama. Kumbebesha mtoto godoro apite mbele ya halaiki ili achekwe ni adhabu ya namna hiyo, hata kama inatolewa na babake mzazi.

Na ile kumlinganisha na dadake, tuiache kabisa. Wavulana hukumbwa na tatizo hili zaidi kuliko wasichana. Msichana kuwa mkavu akiwa na miaka 4 si ushindi wake, na kakake kulowa si ushinde.

Si uchawi

Wengi wetu tuliambiwa tukiwa wadogo kwamba anayecheza na moto jioni hukojoa kitandani usiku. Yamkini wazee walitaka tu tukae mbali na jiko, na kwa hilo walifaulu. Lakini moto hauna uhusiano wowote na kibofu, na wala hakuna jirani aliyemtumia mtoto wako kitu.

Kama kuna mkono usioonekana katika jambo hili, ni ule wa damu. Kukojoa kitandani hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi utotoni, yapata watoto 40 kati ya 100 wa wazazi wa namna hiyo huwa vikojozi pia. Wazazi wote wawili wakiwa walikuwa hivyo, idadi hupita 70. Ambapo hakuna mzazi aliyekuwa na tatizo hilo, ni kama 15 tu.

Kwa hiyo mama, nina kazi ndogo ya kukupa. Siku utakapoenda kumtembelea mama mkwe wako, mkiwa jikoni wawili tu, mwulize kwa upole: "Mama, hivi baba watoto alianza kulala mkavu akiwa na umri gani?" Kisha nyamaza umsikilize. Usisahau kumwuliza mamako mzazi swali lilo hilo kukuhusu wewe.

Wala mtoto wako si wa pekee. Kati ya watoto 100 wenye umri wa miaka 5, wapatao 15 bado hulowesha kitanda. Wafikapo miaka 10, hubaki kama 5. Hii ina maana kwamba katika darasa la watoto 50 wa umri huo, huenda wapo wawili au watatu wanaoficha siri moja, kila mmoja akidhani yuko peke yake ulimwenguni. Habari njema ni kwamba kila mwaka upitao, takriban watoto 15 kati ya kila 100 wenye tatizo hili huacha wenyewe bila dawa. Wachache mno, kama mtu mmoja kati ya 100, huendelea nalo hadi ukubwani, na hata hao husaidika.

Je, ni ugonjwa?

Aghalabu si ugonjwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 hana haja hata ya kupelekwa kwa daktari kwa ajili hii, mpe muda. Lakini zipo dalili ambazo mzazi hafai kuzipuuza, na ukiona mojawapo usingoje.

Ikiwa mtoto anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mara nyingi mchana na usiku na huku anakonda, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo apimwe kisukari. Ndiyo, watoto pia hupata kisukari, na kwao hakichelewi kuhatarisha maisha. Ikiwa anaumia akikojoa, ana homa, au mkojo una harufu kali isiyo ya kawaida, huenda ana maambukizi katika njia ya mkojo. Mkojo ukiwa na damu, hasa kwa watoto wa Pwani wanaooga mitoni na kwenye vidimbwi, huenda ni kichocho, na kichocho kina dawa. Anayekoroma sana na kuhema kwa shida akilala huenda ana tezi zilizovimba nyuma ya pua. Naye mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu hutengeneza mkojo mwingi kwa sababu figo zake zimeathirika. Asinyimwe maji hata kidogo, kwani maji ni uhai wake.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalidhanii: kufunga choo. Choo kigumu kikijazana tumboni hukibana kibofu. Mtoto anayekaa siku tatu bila kwenda haja kubwa, ape mboga, matunda na maji, na mwone daktari ikibidi. Kuna wale ambao kitanda hukauka mara tu tumbo linapofunguka.

Mwisho, yupo mtoto ambaye alikuwa mkavu kwa miezi 6 au zaidi, kisha ghafla akaanza tena. Huyo anatuambia jambo. Pengine amepata mdogo wake, mmefiwa, mmehama, au baba na mama wanagombana usiku wakidhani watoto wamelala. Pengine kuna anayemwonea shuleni. Na pengine, jambo ambalo hakuna mzazi apendaye kulifikiria, kuna mtu mkubwa anayemdhuru kwa siri na kumtisha asiseme. Keti naye, mwulize bila hasira, na uyaamini maneno yake. Ukihitaji msaada, nambari ya simu 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure hapa nchini.

Nyanya alijua

Tulipokuwa wadogo tukienda ushago likizoni, tulikuwa tukilala wanne kitanda kimoja, na mmoja wetu alikuwa akitulowesha sote. Sitamtaja, siku hizi ni mtu mzima mwenye heshima zake. Choo kilikuwa nyuma ya shamba la migomba, na usiku kulikuwa na giza, mbwa, na hadithi za mazimwi tulizosimuliwa jioni. Nani angethubutu kutoka?

Nyanya hakutuuliza lolote. Siku ya tatu tuliona ameweka kopo kubwa lenye mfuniko kando ya mlango, ndani ya nyumba, na taa ya chemni imepunguzwa utambi karibu yake. "Hili ni la kila mtu," akasema, na yeye mwenyewe akalitumia. Ndugu yetu hakupona usiku huo, lakini alianza kuamka baadhi ya siku. Na zile siku ambazo hakuamka, blanketi lilikuwa limekwisha kuanikwa tulipotoka nje, na hakuna aliyejua lilianikwa saa ngapi.

Nimelikumbuka kopo lile kwa sababu ushauri wa madaktari wa leo hauko mbali nalo. Hebu tuuchambue.

La kufanya nyumbani

Kwanza, maji. Wazazi wengi humnyima mtoto maji jioni na kudhani wamemaliza kazi. Tatizo huanza mchana. Mtoto huenda shuleni bila kunywa kitu cha maana, huko mfereji hauna maji au anaogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na arudipo saa kumi na moja jioni huwa na kiu ya ngamia. Hunywa mfululizo hadi saa ya kulala. Mpe chupa ya maji aende nayo shuleni. Anywe sehemu kubwa ya maji yake asubuhi na adhuhuri, na jioni abakishe kidogo. Akiwa na kiu usiku mpe funda mbili; usimtese. Chai, kakao na soda za kola zisiwe vinywaji vyake vya jioni, kwa kuwa vina kichangamsho kinachoongeza mkojo.

Pili, choo. Mchana aende kila baada ya saa mbili au tatu, asijibane kwa ajili ya mchezo. Usiku aende mara mbili: anapoanza kujitayarisha kulala, na tena dakika ya mwisho kabla ya kupanda kitandani.

Tatu, njia. Jiulize: mtoto huyu akiamka saa saba usiku, atafikaje chooni? Kama choo ni cha pamoja mwisho wa ploti, au kiko nje gizani, usimlaumu. Weka ndoo yenye mfuniko chumbani na taa ndogo au tochi karibu naye. Kama analala upande wa ukutani akiwa amezibwa na wenzake, mhamishie pembeni.

Nne, kumwamsha. Baba wengi humbeba mtoto akiwa usingizini na kumsimamisha chooni, akakojoa macho yamefumba. Hilo laweza kuliokoa godoro usiku huo, lakini halimfundishi mtoto kitu. Ukimwamsha, aamke kabisa, atembee mwenyewe na akujibu swali. Wala usimwamshe mara nne kwa usiku. Atasinzia darasani na kupata kosa la pili.

Tano, kitanda. Tandika karatasi ya plastiki juu ya godoro, kisha kitambaa kizito, halafu shuka. Weka shuka ya akiba karibu. Mtoto wa miaka 9 aweza kukusaidia kutoa shuka na kuiloweka, lakini iwe ni kazi kama kuosha vyombo, si kifungo. Asubuhi aoge kwa sabuni na maji ya kutosha kabla ya kuvaa sare, maana harufu ndiyo inayoitoa siri yake shuleni.

Sita, sifa. Watu wengine humwahidi mtoto baiskeli akilala mkavu mwezi mzima. Hiyo ni kumwahidi zawadi kwa jambo asilolitawala. Msifu kwa yale aliyo na uwezo nayo: alikunywa maji yake mchana, alienda chooni kabla ya kulala, alikwambia ukweli asubuhi. Chukua kalenda ya ukutani, uifungue mahali ambapo wageni hawaioni, na kila alipotimiza hayo achore nyota yake.

Yote haya yakifuatwa kwa wiki kadhaa bila mabadiliko, na mtoto amepita miaka 6 au 7, mwone daktari. Kipo kifaa cha kengele ambacho huhisi unyevu wa kwanza na kulia, ili mtoto aamke na kumalizia chooni. Hakileti nafuu kwa siku moja. Huchukua miezi miwili au mitatu, na mwanzoni ni mzazi anayepaswa kuamka amwamshe mtoto, kwa sababu huenda yeye asiisikie. Lakini kiasi cha watoto wawili kati ya watatu hufaulu kwacho. Zipo pia tembe zinazofanya kazi ya ile homoni ya usiku. Hizo hufaa hasa mtoto anapokwenda safari au kambi, na sharti ziandikwe na daktari, kwani anayezimeza hapaswi kunywa maji mengi usiku huo; akifanya hivyo ni hatari. Usinunue dawa kwa kusikia habari za jirani.

Na yule anayekwenda shule ya bweni, usimfungie siri katika sanduku. Zungumza na matroni kabla ya siku ya kufungua. Mwombe apewe kitanda cha chini, karibu na mlango, na aruhusiwe kuanika shuka bila kutangazwa gwarideni. Mpe mtoto shuka za ziada. Matroni mmoja mwenye busara anaweza kuokoa masomo ya mtoto.

Neno kwa baba

Nimeuacha mstari wa mwisho wa barua ya mama huyu makusudi. Aliandika: "Mume wangu si mtu mbaya. Anasema anamchapa kwa sababu anaogopa mtoto atakuja kuaibika mbele ya watu."

Nakuamini, baba. Lakini aibu unayoiogopa itokee siku za usoni tayari iko sakafuni mwa nyumba yako saa nane usiku, inajifinya ili isilale. Unaweza kuiondoa leo. Jioni hii, mkimaliza kula, mwite kijana wako kando. Mwambie hutamchapa tena kwa jambo hili, na kwamba ninyi wawili mtalishughulikia pamoja. Na ikiwa mama yako mzazi atathibitisha ninayoyashuku, basi jikaze kiume umwambie mwanao maneno ambayo hakuna daktari awezaye kumwambia: "Hata mimi nilikuwa hivyo, na nikaacha."

Kisha mwache akalale.